Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Nta

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati tendaji jambo moja zito: tuache kuyazungumzia mafuta ghafi kwa bei na mapipa tu, tuzisome molekuli zake. Sisi wa Tanga tuna sababu ya pekee. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, linaishia Chongoleani. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Ili yatiririke sharti yawe kwenye nyuzi joto 50 au zaidi, ndiyo maana bomba limebuniwa kupashwa joto njia nzima. Habari ya kupashwa joto imeenea mjini. Kinachodai joto hilo kinajulikana na wachache, na kazi ya kukieleza ni yetu, wakemia, mafundi sanifu wa maabara na walimu.

Sampuli ya mafuta yenyewe hatukuipata. Kamati ya mafunzo ikaamua kuanza na mshumaa mweupe wa dukani, kwa kuwa nta yake ya parafini ni jamaa wa karibu wa nta iliyomo kwenye mafuta ghafi. Chembe yake iliwekwa juu ya almasi ya mashine ya infraredi, inayopima mwanga usioonekana unaofyonzwa na molekuli zinapotikisika, ikakandamizwa kwa skrubu, na grafu ikatoka. Vilele virefu vilisimama karibu na 2,850 na 2,920 kwa sentimita (idadi ya mawimbi ya mwanga katika kila sentimita), mahali ambapo vifungo vya kaboni na haidrojeni hunyumbuka. Hivyo kila mmoja alivitarajia. Kilichowavuta watu kwenye kioo cha kompyuta ni upande wa chini: vilele viwili vyembamba vilivyobanana, kimoja 720, kingine 730. Nta ilipoyeyuka, vikaungana kuwa kimoja. Ilipopoa, vikaachana tena.

Minyororo mirefu ya kaboni ikipoa hujipanga sambamba na kushikamana kuwa fuwele. Humo mtikisiko wa mnyororo mmoja huugusa wa jirani yake, na kilele kilichokuwa kimoja hugawanyika. Joto likipanda mpangilio huvunjika, kila mnyororo ukatikisika kivyake. Fuwele za namna hiyo ndizo zinazoyafanya mafuta yagande bombani. Naliona hili kuwa tukio kubwa la mwaka wetu, kwa sababu walimu waliokuwepo walikiona kwa macho kile walichokuwa wakikichora ubaoni miaka yote. Tusije tukaipa infraredi sifa isiyo yake, lakini. Haisemi kila mnyororo una kaboni ngapi. Kwa hilo tunahitaji kromatografia ya gesi, njia ya kuzitenganisha molekuli za mchanganyiko zikiwa mvuke.

Mhadhara wa mwaka ulihusu kazi ya Alfred Treibs, mkemia wa Ujerumani. Mwaka 1934 alitumia spektroskopia ya mwanga unaoonekana, yaani kupima rangi za mwanga zinazofyonzwa, kutambua porfirini, molekuli zenye umbo la pete kubwa, ndani ya mafuta ghafi, akaonyesha kwamba zina nasaba na klorofili ya mimea, isipokuwa katikati yake magnesi imeondoka na nafasi kushikwa na vanadi. Ushahidi kwamba mafuta yametokana na viumbe hai ulipata mguu imara hapo. Vijana waliuliza maswali mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kufunga.

Kikao cha asfalteni kilikuwa na ubishi, na ubishi ule ulikuwa na faida. Asfalteni ni ile sehemu nyeusi ya mafuta isiyoyeyuka katika heptani bali katika tolueni. Kwa miaka mingi uzito wa molekuli yake ulitajwa kuwa maelfu kwa maelfu, kumbe molekuli hizo hukumbatiana hata katika mmumunyo mwepesi, na vipimo vilikuwa vikilipima kundi. Mwaka 1999 Groenzin na Mullins walipima kasi ya kuzunguka kwake kwa kutumia mng'ao wa fluoresensi, wakapata uzito wa takribani 750 tu. Mwaka 2015 watafiti wa IBM mjini Zurich walitoa picha za molekuli mojamoja. Baadhi yenu bado mnashikilia kwamba zimo pia molekuli zenye visiwa kadhaa, yaani mafungu ya pete za kaboni, vilivyoungwa kwa minyororo. Ushahidi wa spektrometa za masi, mashine zinazopima uzito wa molekuli na vipande vyake, unawaunga mkono, nami nimeagiza suala hilo lirudi kikaoni.

Changamoto hazikukosekana. Taasisi moja iliyotuahidi muda kwenye mashine yake ya NMR, inayosoma muundo wa molekuli kwa sumaku kali, ilighairi siku zikiwa zimekaribia, nasi tulikuwa tumekwisha agiza kloroformu yenye deuteri (haidrojeni nzito), kiyeyushi cha kuandalia sampuli za mashine hiyo, ambayo ni ghali. Chupa zimehifadhiwa vizuri na hazitapotea. Habari za fedha mweka hazina atazisoma mwenyewe.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuandike rasmi kuomba sampuli ya mafuta ya Uganda, hata kama ni mililita chache, na tujenge hazina yetu ya grafu za infraredi itakayotumiwa na shule za mkoa. Kabla sampuli haijafika lazima kabati la kufyonza mvuke litengenezwe. Mafuta ghafi yanaweza kutoa gesi ya salfidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu, na sitaruhusu chupa ifunguliwe mezani feni ya kabati hilo ikiwa mbovu.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii, kisha tuanze na hoja ya matengenezo ya kabati.