Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Ni mpasuaji yupi wa ubongo anayepokea SHA, bima ya afya ya serikali?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Likoni. Alfajiri moja kikombe cha chai kilimponyoka mamangu, akasema ni usingizi. Kesho yake ikawa sufuria, mkono uleule wa kulia. Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Daktari akatwambia tutafute mpasuaji wa ubongo mwenye uzoefu, tena tusichelewe.

Wiki mbili sasa navuka feri na bahasha ya picha kwapani. Dirishani swali la kwanza ni moja: "Kesh au SHA?" Nikisema SHA, naambiwa hospitali inapokea, ila daktari bingwa huja siku zake na malipo yake ni mbali. Hospitali moja karani aliniandikia kiasi nyuma ya karatasi, akaikunja kabla ya kunipa. Nadhani alimhurumia mama, aliyekuwa ameketi nyuma yangu.

Nasi tumelipa. Tangu SHA ichukue nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, sisi wa vibanda hutoa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Pesa hiyo nimeitoa kwenye mtaji wa nguo, na sijutii.

Mheshimiwa, mikataba ya SHA ni ya hospitali. Majina ya madaktari na ubingwa wao yako kwenye daftari la Baraza la Madaktari. Mgonjwa anazihitaji taarifa zote mbili pamoja. Kila hospitali yenye mkataba itangaze mpasuaji wake wa ubongo ni nani, yuko siku gani, kama anapokea SHA bila nyongeza, na mwaka uliopita ametoa uvimbe wa ubongo mara ngapi. Hilo la mwisho litawaudhi baadhi yao, najua. Lakini hapa Pwani hata fundi wa jahazi huulizwa amejenga mangapi kabla ya kukabidhiwa mbao. Orodha iwekwe hata kwenye *147#, tulikojisajilia, maana si kila mtu ana simu ya intaneti.

Tukiambiwa Nairobi, tutakwenda. Ni karibu kilomita 480, na mgonjwa anatapika. Tujue tu, kabla ya kupanda treni, nani atatupokea.

Tafadhali lifanye hili upesi. Mama, aliyetufunza tangu udogoni kula kwa mkono wa kulia, jana alikula kwa wa kushoto.

Wako,
Mwana wa mgonjwa, Likoni, Mombasa