DJ, mtaje na aliyepiga dramu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Jumapili iliyopita mjukuu wangu aliniletea flashi ina miksi ya fanki na hip hop za zamani, kaijaziwa Kariakoo kwa shilingi elfu mbili. Muziki mtamu, sina neno. Ila huyo DJ kajitaja jina lake mara 31 ndani ya saa moja (nilihesabu, siku hizi sina kazi nyingine), na waliopiga hivyo vyombo hakumtaja hata mmoja.

Haki ya kulalamika ninayo nusu tu, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Miaka ya themanini nilikuwa narekodi kanda kwenye kibanda Mtaa wa Kongo. Mteja analeta kanda tupu ya dakika 90, kesho yake anaifuata imejaa. Kwenye karatasi ya kasha niliandika "Miksi Na. 7", basi. Nikiandika nyimbo, jirani yangu naye ameshazipata! Baadaye ndipo nikasikia kwamba DJ Kool Herc, aliyeanzisha mambo haya ya hip hop kule Bronx, New York, mwaka 1973, alikuwa akiloweka santuri zake majini mpaka lebo zibanduke, wapinzani wasisome. Nikacheka sana. Kumbe uchoyo wetu ulikuwa mmoja.

Aliyenifumbua macho ni baharia mmoja wa Tandika, aliyenishushia santuri ya Ultimate Breaks and Beats. Hiyo ni mikusanyiko iliyotoka New York kati ya 1986 na 1991, jumla 25, ya nyimbo zilezile ambazo ma-DJ walikuwa wakizificha. Na majina yamechapwa, wimbo na bendi! Humo nikakuta "Amen, Brother" ya The Winstons, ya mwaka 1969. Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza, inabaki dramu peke yake, kama sekunde sita hivi. Nilikesha nayo. Mkono mmoja kwenye sindano, mwingine kwenye kitufe cha pozi (cha kusimamisha kanda) cha deki: achia, bana, rudisha sindano, achia tena. Alfajiri sekunde sita zimekuwa dakika tatu na kidole gumba kimevimba. Vijana wa kucheza breki (breakdance) waliigombania ile kanda kama mpira wa kona. Nikaiandika "Miksi Na. 12".

Aliyepiga zile sekunde sita anaitwa Gregory Coleman. Zimekatwa na kutumika kwenye maelfu ya nyimbo duniani, zikiwemo za kundi la hip hop la Marekani, N.W.A., naye alifariki mwaka 2006 akiwa fukara asiye na makazi. Clyde Stubblefield, aliyepiga dramu ya "Funky Drummer" ya James Brown, ni hadithi ileile: kila mtu kaichukua, jina la mtunzi si lake. Alifariki 2017.

Siwaambii ma-DJ wetu wawalipe, fedha hizo hata mimi sikuwa nazo. Nawaomba wataje tu. Kwenye faili la flashi nafasi ya kuandika ipo, siyo kikaratasi cha kasha tulichokuwa tunakibana maandishi. Na ninyi watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, mnaongea kutwa nzima, sekunde tatu za jina la mpiga dramu zinawapunguzia nini?

Mimi nimeshaanza adhabu yangu. Kanda zilizobaki nyumbani ni 43, kila jioni naweka moja, natega sikio, naandika majina kwa kalamu ya Bic, ileile ninayozungushia utepe ukitafunwa. Nimefika Na. 19. Upande B, wa tatu, kuna besi moja hiyo, Mhariri, inatembea kama mtu aliyeshiba, nami jina limenitoka kabisa. Kama kuna msomaji aliyeinunua kwangu na bado anakumbuka, aandike kupitia gazeti hili.

Mrekodi kanda mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam