Mdogo wangu, filamu usiipigie kura

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na hongera kwa wazo lako la kuwaalika marafiki nyumbani kila wiki mtazame filamu pamoja. Orodha ya filamu uliyonitumia nimeisoma yote na nimeifurahia. Inaonyesha wazi kwamba sinema imekuingia damuni. Kilichonishtua ni yale maneno uliyoandika chini yake: kwamba kila wiki utaitupa orodha kwenye kundi la WhatsApp, watu wapige kura, na itakayoshinda ndiyo mtakayoitazama. Hapo ndipo nakuomba unisikilize. Nakujibu hadharani kwa kuwa wenye mpango kama wako ni wengi, na wengi wao huanza na kura.

Kura huipa ushindi filamu isiyochukiwa na mtu. Weka majina kumi mbele ya marafiki wanane uone: watachagua ile ambayo nusu yao wameshaiona na nusu iliyobaki wamesikia ikisifiwa. Ile unayoipenda hata unashindwa kuieleza itapata kura moja, ya kwako. Haiwezi kupata zaidi, kwa sababu wenzako bado hawaijui, na hiyo hasa ndiyo iliyostahili kuonyeshwa. Filamu inayojulikana na wote kila mtu anaweza kuitazama peke yake kitandani. Rafiki huacha shughuli zake jioni akaja kwako kwa sababu umemwambia, "Njoo, kuna kitu nataka ukione." Ukishampigisha kura, umeyafuta maneno hayo.

Kwa hiyo wekeni zamu. Wiki hii wewe, wiki ijayo mwingine, mpaka kila mmoja apate yake. Mwenye zamu anachagua peke yake na hakuna wa kumpinga, hata akileta katuni, hata akileta filamu isiyo na sauti ya miaka mia moja iliyopita. Wengine wana haki ya kuuliza mambo mawili tu kabla ya siku yenyewe: filamu ina dakika ngapi, na je, ina jambo zito ambalo mtu angependa kulijua mapema, kama ukatili au kifo cha mtoto. Hayo yajibiwe kwa ukweli. Mengine wayakute humo humo.

Nikufikirishe habari ya Satyajit Ray, mwongozaji wa filamu wa India. Mwaka 1947 alikuwa kijana anayechora matangazo katika kampuni moja mjini Calcutta. Yeye na rafiki zake wakaanzisha klabu ya filamu, wakawa wanakutana kutazama kazi za nchi nyingine na kuzijadili. Mwaka 1950 kazi ilimpeleka London, na huko akawa anaingia ukumbi huu na ule kutazama kila alichoweza. Mojawapo ya filamu alizoziona ni Ladri di biciclette ya Mwitaliano Vittorio De Sica. Alitoka ameshaamua kwamba naye atatengeneza filamu. Ilimchukua miaka, fedha zikikatika na kazi ikisimama, hadi Pather Panchali ilipotoka mwaka 1955. Wanaoisimulia habari hii hupenda kuanzia London. Mimi napenda kuanzia ile klabu, maana pale ndipo alipozoea kutazama filamu kwa makini, akiwa na watu watakaomuuliza baadaye ameona nini.

Na kama hujui uanze na ipi, anza na hiyo hiyo ya De Sica. Ni ya mwaka 1948, ina dakika 89, na mtu hahitaji kujua lolote kabla ya kuitazama. Baba amepata kazi ya kubandika mabango baada ya kukaa muda mrefu bila kibarua. Kazi inadai baiskeli, na baiskeli inaibwa. Yeye na mwanawe mdogo wanazunguka Roma kuitafuta. Aliyeigiza baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza, na unaliona hilo katika mwendo wake na katika mikono yake.

Ukitaka kuwatambulishia wenzako filamu, toa sentensi mbili kama hizo, kisha unyamaze. Usiwaambie ni filamu bora kuliko zote. Usiwaambie watalia. Mtu ukimwambia atalia, anakaa dakika zote anajikagua macho. Na uhondo wa mwisho usiumwage kwa namna yoyote, hata kwa kicheko, hata kwa ile "subirini muone" ambayo wapenda filamu tunashindwa kuizuia.

Katika wiki za mwanzo chagua fupi. Watu wanatoka kazini, wengine masomoni, na urafiki wa jioni ya namna hii bado haujakomaa kiasi cha kuvumilia saa tatu. Fupi hazina maana ya nyepesi. Sherlock Jr. ya Buster Keaton, ya mwaka 1924, ina dakika 45 hivi. Keaton ni mwendesha mitambo wa ukumbi wa sinema anayesinzia kazini, kisha katika ndoto anaingia ndani ya skrini yenyewe, na mandhari inambadilikia chini ya miguu. Katika onyesho moja maji ya tangi la reli yanamshukia kwa kishindo. Yalimvunja mfupa wa shingo, na yeye akaja kulijua hilo miaka mingi baadaye alipopigwa eksirei. Watu wa rika zote hucheka na filamu hii, na kwa kuwa haina sauti, lugha haiwasumbui sana: kuna maandishi machache tu ya kusoma.

Iunganishe na La Petite Vendeuse de soleil ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, nayo ya dakika 45. Sili, binti anayetembea kwa magongo, anaamua kuuza magazeti katika mitaa ya Dakar, kazi iliyoshikwa na wavulana wanaomsukuma na kumdhihaki. Mambéty alifariki mwaka 1998, na filamu ikatoka mwaka uliofuata. Sijui namna ya kuizungumzia kwa utulivu. Kila nikimwona binti yule akisimama tena baada ya kuangushwa, natamani kila ninayemfahamu awe amekaa kando yangu. Tamaa hiyo ndiyo sababu ya usiku wa filamu, mdogo wangu, hakuna nyingine.

Jioni nyingine mpe nafasi Sembène Ousmane, naye wa Senegali. Alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipoamua kujifunza filamu, kwa kuwa aliona vitabu vyake haviwezi kuwafikia watu wake wengi wasiojua kusoma. La Noire de… ya mwaka 1966 inakaribia saa moja tu, nayo inamfuata Diouana, msichana wa Kisenegali anayepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani. Hiyo usiiunganishe na nyingine. Ikiisha watu watahitaji muda.

Sasa mambo ya chumba, ambayo nitayapitia upesi isipokuwa moja. Zima taa. Spika iwe mbele karibu na skrini, sauti isitokee nyuma ya vichwa vya watu. Manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yajaribu mapema, na usiishie dakika ya kwanza: ruka hadi katikati uone kama bado yanakwenda sawa na midomo, kisha ukae kiti cha mwisho kabisa uhakikishe yanasomeka. Picha yenye mistari myeusi pembeni au juu na chini iache ilivyo. Filamu za zamani zilipigwa karibu na umbo la mraba, na ukiivuta ijaze skrini umeikata au umewanenepesha waigizaji. Na ukiwa unawaonyesha rafiki nyumbani bila kiingilio ni jambo lako na wao. Ukianza kutangazia umma au kutoza fedha, hapo unahitaji kibali cha wenye haki.

Ile moja ni hii. Filamu kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde, na ule mtikisiko mdogo ndio unaoipa filamu sura yake. Runinga nyingi za sasa huja na kipengele cha kulainisha mwendo: mashine inabuni picha ambazo hazikupigwa na mtu na kuzipachika katikati ya zile za kweli. Matokeo yake, kazi ya waliohangaika miezi mingi inaonekana kama mahojiano ya studio. Ingia kwenye mipangilio ya picha, ukitafute chochote kinachotaja ulaini wa mwendo, ukizime. Baadhi ya runinga zina hali maalumu ya filamu inayozima hayo yote kwa pamoja. Nakusihi usilipuuze hili. Huwezi kumwonyesha mtu unachokipenda kikiwa kimegeuzwa kuwa kitu kingine.

Tangaza saa ya kufika na saa ya kuanza, na zitofautiane kwa nusu saa ili salamu na porojo zipate mahali pake. Saa ya kuanza ikifika, anza. Atakayechelewa ataingia gizani, atakaa, ataelewa mbele ya safari. Ukisimamisha filamu kumsubiri mmoja, umewaambia waliowahi kwamba kuwahi kwao hakuna thamani.

Kuhusu mazungumzo ya baada ya filamu nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo usiku wenyewe hujengeka au huvunjika. Majina ya waigizaji na watengenezaji yaache yapite mpaka mwisho kabla ya kuwasha taa. Kisha usiulize, "Mmeipenda?" Swali hilo linamlazimisha rafiki kuchagua kati ya ukweli na adabu. Uliza ni sehemu gani bado anaiona. Utashangaa: mmoja atataja mlango, mwingine atataja namna mama alivyoshika kikombe, na wewe uliyeitazama filamu hiyo tangu zamani hukuwahi kukiona kikombe.

Mwenye zamu azungumze wa mwisho. Hili litakuwa gumu kwako, nakujua. Ukizungumza wa kwanza, wenzako watakuwa wanajibu mapenzi yako na si filamu. Na usiwatazame usoni wakati inaendelea; ni kama kumpikia mgeni halafu ukamkodolea macho kila anapopeleka tonge mdomoni.

Atakuwepo atakayesema hakuipenda. Atakuwepo atakayesinzia. Inauma, na sitakudanganya kwamba inazoeleka, maana ukiweka mbele ya watu kitu kilichokusaidia kuishi umejiweka mwenyewe. Mwache aseme yote. Muulize ni wapi ilipompoteza, na usikilize bila kujiandaa kujibu. Nimeona mtu aliyeikataa filamu waziwazi akawa ndiye anayeitaja baada ya wiki kadhaa, na nimeona pia aliyeikataa akabaki pale pale. Wote wawili waliendelea kuja, kwa sababu walijua pale hapapimwi mtu.

Mkishazoeana, leteni 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957: watu kumi na wawili wa baraza la mahakama, karibu filamu nzima ndani ya chumba kimoja, wakiamua hatima ya kijana. Kabla ya kuanza usiseme lolote kuhusu kamera. Mazungumzo yakishapamba moto ndipo uwaeleze kwamba Lumet alianza na kamera iliyo juu ya usawa wa macho, akaishusha kidogo kidogo, na akawa anabadilisha lenzi ili kuta zionekane zikiwasogelea wale watu hadi dari nayo ikaanza kuonekana. Halafu rudisheni dakika chache za mwanzo na chache za mwisho, mzitazame tena. Watu hupiga kelele wakiliona hilo, nami sijachoka kuzisikia kelele hizo.

Siku ikiwa imepangwa, isihamishwe. Wakija wawili, onyesha kwa wawili. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Lumière wa Ufaransa, miongoni mwa watengenezaji wa kwanza wa filamu, walipowatoza watu kiingilio kwa mara ya kwanza kutazama filamu zao kumi katika chumba cha chini cha Grand Café mjini Paris, hawakujaza ukumbi. Kila filamu haikufika hata dakika moja, na waliokuja walikuwa wachache.

Nipangie na mimi zamu. Ila iwe wiki ambayo kesho yake hakuna wa kuamka alfajiri, maana naleta Seven Samurai ya Mjapani Akira Kurosawa, dakika 207, na mapumziko ya katikati aliyaweka mwenyewe.

Dada yako