Vijana wanaochunguzwa maradhi sugu waruhusiwe kulipia SHA kila mwezi

Kwa Mhariri,

Mwajiriwa nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii, inayosimamiwa na mamlaka ya serikali iitwayo SHA. Kijana anayeuza mitumba au kufanya vibarua hudaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, na wapo wanaopangiwa zaidi baada ya kuulizwa kuhusu paa, choo na mifugo ya nyumbani. Utaratibu huu unawaumiza hasa vijana ambao daktari ameanza kushuku kwamba wana ugonjwa wa kudumu lakini bado hajathibitisha ni upi.

Binti yangu ni mmoja wao. Alipohitimu chuo, aliondolewa kwenye bima ya kazini kwa babake kwa kuwa si mwanafunzi tena. Baadaye vidole vikaanza kumvimba asubuhi, nywele zikawa zinamtoka, na uchovu haukumwisha hata baada ya kulala. Daktari akataja lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe, na ambao huwapata zaidi wanawake wenye umri kama wake. Kuuthibitisha huchukua muda. Hupimwa damu, hupimwa mkojo, mtu huambiwa arudi, na madaktari bingwa wa maradhi haya ni wachache, wengi wao wakiwa Nairobi.

Tulimwendea ajenti wa bima ya kibinafsi. Fomu iliuliza iwapo mwombaji ana ugonjwa wowote au anachunguzwa. Ajenti akamshauri aandike hapana, eti kwa sababu bado hajaambiwa anaumwa nini. Nilikataa, na nawasihi wazazi wenzangu wakatae. Siku gharama kubwa itakapofika, kampuni itaitisha faili la hospitali na kuona tarehe ya kipimo cha kwanza, kisha inaweza kukataa kulipa au kuifuta bima yenyewe. Ni afadhali kusema kweli na kuvumilia kipindi cha kusubiri, ambacho kwa maradhi sugu mara nyingi huwa mwaka mmoja. Ulizeni pia kikomo cha malipo kwa maradhi hayo. Bima inayotangazwa kuwa ya mamilioni huenda ikatenga sehemu ndogo tu kwa ajili yake, na hilo halisemwi kwa sauti wakati wa kuuza.

Kinachonitia hofu zaidi ni vijana wanaoahirisha vipimo ili wapate bima kwanza. Lupasi inaweza kuharibu figo bila mgonjwa kuhisi maumivu yoyote. Tafadhalini, pimeni.

Ndiyo sababu SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya awali, mnamo Oktoba 2024, ina umuhimu mkubwa kwao. Haimkatai mtu kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Aliyejisajili, hata kwa simu kupitia *147#, anaweza kuanza kuhudumiwa kwenye zahanati au kituo cha afya kwa gharama ya serikali. Lakini akihitaji kulazwa au kusafishwa damu kwa mashine, ni lazima mchango wake uwe umelipwa. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioletwa kuziba pengo hili ni mkopo wa kulipia mchango huo wa mwaka. Kijana asiye na kipato cha uhakika, ambaye tayari anakopa nauli ya kwenda kliniki, anaongezewa deni jingine.

Kama SHA inaweza kupokea pesa za mwalimu kila mwezi, inaweza kupokea za muuza mboga kila mwezi kwa simu. Naiomba Wizara ya Afya na Bunge warekebishe kanuni ya kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, waanze na vijana waliotoka chini ya bima za wazazi na hawajapata ajira. Nayo Mamlaka ya Kudhibiti Bima iagize kila fomu ipatikane kwa Kiswahili, kipindi cha kusubiri na kikomo cha maradhi sugu viandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, na ajenti anayemfundisha mteja kuficha ugonjwa anyang'anywe leseni.

Mzazi,
Nakuru