Asante, kaka wa maabara
Kaka uliyetunoa pale Kampala bila kudai hata shilingi, asante sana: timu imefuzu fainali. Katika ICPC, mashindano ya kimataifa ya kuandika programu za kompyuta kwa timu za vyuo vikuu, watu watatu hutumia kompyuta moja kwa saa 5, na kila jibu lililokataliwa huongeza dakika 20 za adhabu kwenye muda wa timu swali hilo likija kutatuliwa. Ndiyo maana ulisisitiza karatasi kwanza, kibodi baadaye. Na lile somo la namba! Kujumlisha namba 100,000, kila moja ikikaribia bilioni 1, hupita mbali kikomo cha biti 32 (nafasi ambayo kompyuta huhifadhia namba, chanya na hasi), yaani 2,147,483,647. Jumla huweza kugeuka hasi, ilhali mifano midogo ya swali ilipita vizuri kabisa. Dawa ni kutumia nafasi ya biti 64 tangu mwanzo. Mungu akubariki, kaka.