Asante dada wa kahawa
Jamani kuna dada mtaalamu wa kahawa hapa Moshi, kasema nisimtaje, ila asante sana dadangu. Timu yetu tunachora ukuta wa mgahawa, yeye anaelezea mambo ya ute (ule utelezi unaozunguka mbegu za kahawa) na kuchachusha (kuziacha mbegu zichachuke ili ute utoke) sisi tunaitikia tu hakuna anayeelewa, basi akachukua chaki akachora tunda la kahawa limekatwa katikati, ganda, ute, ngozi ngumu, mbegu mbili zimegusana upande bapa. Mchoro mbaya kweli (samahani dada) mpaka fundi rangi akamnyang'anya chaki aurekebishe, na hapo ndo maswali yakaanza, kumbe tunda likibeba mbegu moja inakua duara! Hiyo tumeiweka ukutani, pita uone, kahawa juu yetu.