Kuhesabu saa za ndege, London hadi New York

Ndugu wanakikundi, salaam. Wengi mmeuliza kwa nini saa za kwenda na za kurudi hazilingani. Tuhesabu pamoja.

Umbali wa angani ni kama kilomita 5,540. Msiupime kwa rula kwenye ramani bapa. Dunia ni mviringo, na njia fupi hupinda kuelekea kaskazini. Gawanya kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, upate saa 6 na dakika 10. Ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka.

Kisha upepo, na hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Juu ya Atlantiki huvuma kutoka magharibi. Ukiipinga ndege kwa kilomita 100 kwa saa, mwendo halisi ni 800 na mnakaa hewani karibu saa 7. Ukiisukuma, saa 5 na nusu. Majira ya baridi huzidi hapo.

Tiketi huandika saa za mahali husika. Kuondoka 11:00 (saa tano asubuhi) na kufika 14:00 si safari ya saa 3: ongeza tofauti ya saa 5, ni saa 8. Kurudi, punguza hizo 5. Tafadhali angalieni sana Machi na mwisho wa Oktoba: kuna siku tofauti huwa saa 4, kwani Marekani na Uingereza hazibadilishi saa siku moja.

Anayeunganisha ndege New York aache saa 3. Uhamiaji na mizigo humalizwa hapo hapo.